Maji Laini ya Naivasha

Mkenya akihamia mtaa mpya, kabla hata hajauliza habari za stima, anauliza maji. Yanakuja siku gani, na je, ni ya chumvi? Akishajibiwa anayapima mwenyewe kwa njia mbili ambazo hakufundishwa na mwalimu yeyote: anayaonja, halafu anayafulia. Ulimi usipolalamika na sabuni ikitoa povu haraka, basi, mambo ni sawa, mtungi ujazwe.

Vipimo hivi ni vya zamani na vina maana yake. Shida ni kwamba Naivasha, mji uliokua kati ya reli na ziwa, una maji ya visima ambayo mara nyingi yanapita mtihani wa sabuni vizuri sana, na ni maji hayohayo ambayo kwa vizazi kadhaa yamewaachia watu alama kwenye meno. Tabasamu ukiwa Mombasa au Kisumu na mtu atakuuliza, "Kwani wewe ni wa Nakuru?" Hajaona kitambulisho chako. Ameona rangi ya kahawia kwenye meno ya mbele, na hilo limemtosha. Msimu wa usajili wa makurutu ukifika, vijana wa Bonde la Ufa wanajua kwamba kabla ya kukimbia hata hatua moja, kuna mtu atawaambia wafungue mdomo.

Hadithi ya meno hayo haianzii kwenye meno. Inaanzia kwenye kitu tunachokiita ugumu wa maji.

Mimi chuo kikuu sikumaliza, kwa hivyo kemia nitakayotumia hapa ni ile ya sekondari, na kwa kazi hii inatosha. Maji ya mvua hushuka yakiwa laini. Yakipenya kwenye mwamba wenye chokaa huyeyusha kalsiamu na magnesiamu, na hapo ndipo yanapoanza kuwa magumu. Sabuni ikikutana na kalsiamu hushikana nayo na kuwa ule utando wa kijivu unaoelea kwenye beseni, na povu halitokei mpaka kalsiamu yote imalizwe. Unaweza kumaliza nusu kipande cha sabuni kabla hujafua hata shati moja. Wapimaji huhesabu ugumu kwa miligramu za kalsiamu kaboneti: chini ya 60 kwa lita ni maji laini, zaidi ya 180 ni magumu sana.

Pwani wanayajua haya kwa mikono yao. Visima vya Mji wa Kale Mombasa au vya Lamu vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, ambao ni chokaa tupu. Aliyelelewa huko ameona birika likiota ukoko mweupe kwa ndani, na ameoga akatoka na nywele kama katani. Maharagwe nayo yanachemka asubuhi nzima na bado yanakataa kulainika. Ni kero, hakuna anayebisha. Lakini Shirika la Afya Duniani halijaweka kiwango cha juu cha ugumu kwa sababu za kiafya, kwa kuwa hakuna ushahidi wa kutosha kwamba ugumu huo unadhuru mwili. Maji magumu yanakula sabuni na makaa. Mtu hayamli.

Aliyeyaogopa maji magumu kuliko mama yeyote wa Lamu alikuwa fundi wa garimoshi. Injini ya mvuke ni birika kubwa lenye magurudumu, na ukoko unaoota kwenye boila yake huzuia joto, hula kuni na makaa, huziba mabomba, na ukiachwa sana boila inaweza kupasuka. Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, maji yalikuwa tatizo tangu maili za mwanzo. Kwenye nyika ya Taru hakukuwa na maji ya kutosha kwa injini wala kwa wafanyakazi, na ikabidi treni zibebe maji kuwapelekea watu waliokuwa wakilaza reli. Nairobi ilipofikiwa Mei 1899, mojawapo ya sababu za kupiga kambi pale ilikuwa kwamba palikuwa na uwanja tambarare na mto karibu. Mwaka uliofuata reli ikateremka ukingo wa Bonde la Ufa, ikapita Naivasha na kwenda Nakuru.

Nadhani miji yetu mingi ya reli ilirithi maswali ya yule fundi wa injini. Je, maji haya yataziba bomba? Yana chumvi? Yana tope? Baadaye daktari akaongeza swali lake, nalo ni la haki: yana kipindupindu, yana homa ya matumbo? Haya yote ni maswali mazuri. Swali lililohitajika zaidi pale Naivasha halikuwepo kwenye orodha, na sababu si uzembe. Mwaka 1900 hakuna mtu duniani aliyejua kwamba ni la kuulizwa.

Sasa tazama ardhi yenyewe. Naivasha imekalia majivu ya volkeno. Longonot iko upande mmoja, Olkaria upande mwingine, na kwenye magenge ya Hell's Gate unaokota mawe meusi yanayong'aa kama chupa iliyovunjika. Miamba ya aina hii ina floraidi nyingi na kalsiamu kidogo, na hapo ndipo mambo yote yanapogeuka. Floraidi na kalsiamu zikikutana ndani ya maji kwa wingi hushikana, zikawa jiwe, zikatua. Maji yenye kalsiamu ya kutosha hayawezi kubeba floraidi nyingi. Maji ya volkeno, yaliyojaa sodiamu na yenye upungufu wa kalsiamu, hayana kitu cha kuizuia. Yanaendelea kuichota kwenye mwamba miaka na miaka. Kwa maneno ya jikoni: ule ugumu unaolaaniwa Lamu ndio ambao ungewasaidia watu wa Naivasha, na ule ulaini unaosifiwa Naivasha ndio uliofungua mlango. Povu zuri lilikuwa onyo, ila hakuna aliyejua kulisoma.

Maziwa ya jirani yanaonyesha jambo hili likifika mwisho wake. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Ziwa Elmenteita limewahi kupimwa likapatikana na 1,640. Ziwa Nakuru, 2,800. Maziwa hayo hayana pa kutokea, jua linakausha maji na kuacha kila kitu kingine nyuma. Ziwa Naivasha limeponea kwa sababu lina njia za siri: halina mto unaotoka juu ya ardhi, lakini maji yake hupenya chini na kuondoka na chumvi zake. Mto Malewa nao huliletea maji mapya kutoka Nyandarua. Ndiyo maana ziwa ni baridi, lina samaki na viboko, na maua ya kuuzwa Ulaya yanamwagiliwa kwa maji yake. Lakini mji haunywi kutoka Malewa. Kwa sehemu kubwa unakunywa kutoka kwenye visima virefu vilivyochimbwa kwa mashine, yaani maji yaliyokaa muda mrefu na mawe.

Hii nayo ina historia. Jina Naivasha limetokana na neno la Kimaasai linalohusu maji yanayochafuka kwa mawimbi, na waliolipa ziwa jina hilo walikuwa wafugaji. Mfugaji hafungwi kwenye chanzo kimoja. Mvua ikinyesha anakunywa huku, kiangazi kikija yuko kwingine. Mkataba wa mwaka 1904 uliwahamisha Wamaasai kutoka sehemu hii ya bonde hadi Laikipia ili walowezi wapewe ardhi kando ya reli. Walowezi waliweka nyua, nyumba za mawe, na visima. Vibarua wakaja kukaa. Baada ya uhuru wakaja watu wengine wa mashamba madogo, kisha kuanzia miaka ya 1970 mashamba ya maua, na mitaa kama Karagita ikajaa. Kila hatua iliwafunga watu wengi zaidi kwenye chanzo kimoja cha maji mwaka mzima. Mfereji ni neema, sitasema vinginevyo, nimebeba mitungi ya kutosha kujua. Lakini mtoto wa mfereji anakunywa maji ya aina moja tangu siku ya kwanza hadi meno yake yamalize kuundwa.

Kwa nini swali la floraidi lilichelewa? Kwa sababu jibu lilikuwa likitafutwa mbali sana na hapa, na watu waliolitafuta hawakujua wanatafuta nini. Mwaka 1901 daktari kijana wa meno, Frederick McKay, alifungua kazi Colorado Springs, Marekani, akakuta wenyeji wengi wana madoa ya kahawia kwenye meno. Wenyeji walikuwa na maelezo yao ya kila aina, kuanzia nyama ya nguruwe hadi maziwa mabovu. McKay aliwaza maji kwa muda mrefu, lakini kila maji yalipopimwa kwa vipimo vya wakati ule, yalionekana safi kabisa.

Kisha kukaja mji mdogo wa Oakley, jimbo la Idaho. Mwaka 1923 McKay alikwenda huko baada ya wazazi kugundua madoa kwenye meno ya watoto wao. Wakamwambia jambo la ajabu: madoa yalianza baada ya mji kujenga bomba jipya kutoka chemchemi ya maji ya uvuguvugu maili tano kutoka hapo. McKay aliyapima maji, hakuona kitu. Hata hivyo akawaambia wazazi waachane na bomba hilo watafute chemchemi nyingine. Wakafanya hivyo. Baada ya miaka michache watoto wadogo wakaota meno ya kudumu yasiyo na doa. Naipenda sana sehemu hii. Mji ulilitupa bomba lake jipya bila ripoti ya maabara, kwa sababu tu wazazi walikuwa wamehesabu ni watoto gani wana madoa na ni gani hawana.

Jina la mhalifu lilipatikana mwaka 1931, na aliyelitaja alikuwa na sababu zake. Mji wa Bauxite, Arkansas, ulikuwa wa kampuni ya alumini ya ALCOA. Mwaka 1909 uliacha visima vifupi na kuanza kutumia visima virefu, na watoto wakaanza kuwa na madoa. Wakati huo kulikuwa na uvumi kwamba sufuria za alumini zina sumu. Mkemia mkuu wa kampuni, H. V. Churchill, hakutaka kabisa mji wa alumini uwe na ugonjwa usioelezeka, kwa hivyo akayapima maji kwa mtambo wa hali ya juu kuliko kawaida. Akakuta floraidi kwa kiasi ambacho hakuna aliyetarajia. Mwaka huohuo watafiti wa Arizona wakafikia jibu lilelile kwa kuwapa panya maji ya mji ulioathirika. Kwa hiyo reli ilikuwa imefika Naivasha miaka thelathini na moja kabla ya floraidi kujulikana kuwa ndiyo chanzo.

Baada ya 1931, lakini, udhuru unapungua. Mwaka 1953 jarida la East African Medical Journal lilichapisha ripoti ya awali kuhusu meno haya nchini Kenya. Mwaka 1984 watafiti Nair, Manji na Gitonga walichapisha matokeo ya zaidi ya visima 1,000 vya Kenya: asilimia 61 vilizidi miligramu moja kwa lita, na karibu asilimia 20 vilizidi tano. Tano ni zaidi ya mara tatu ya kiwango kinachopendekezwa. Tanzania, ambako mji wa Maji ya Chai karibu na Arusha una maji yenye floraidi nyingi ajabu, kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 8 kwa lita vijijini, kabla ya kushusha kiwango. Serikali ilikuwa ikikiri, kwa lugha ya tarakimu, kwamba ikifunga visima vyote vilivyozidi 1.5 kuna watu hawatakuwa na maji kabisa. Kenya kiwango chetu ni 1.5 kwenye karatasi. Sijui ni lipi lililo afadhali kwa mtu mwenye kiu, kusema ukweli.

Mtaani, watu wanapambana na maji haya kwa mbinu walizonazo, na nyingi zinageuka dhidi yao. Chukua kuchemsha. Tumefundishwa tangu shule ya msingi: chemsha maji ya kunywa. Kuchemsha huua vijidudu, na hata hupunguza ugumu, kwani ule ukoko wa birika ni kalsiamu iliyoachana na maji. Lakini floraidi haichemki ikaondoka. Maji yanapopungua kwa mvuke, yenyewe inabaki, na kiasi chake katika kila kikombe kinapanda. Mama mwangalifu anayechemsha kwa muda mrefu zaidi anampa mtoto floraidi kidogo zaidi. Yatie majani ya chai maji hayo na umeongeza tena, maana mchai ni mmea unaokusanya floraidi kwenye majani yake. Maharagwe nayo yakikawia kuiva tunatupia magadi, na magadi hutoka kwenye maziwa yaleyale ya Bonde la Ufa yenye floraidi. Tanzania watafiti wamekuta meno yenye madoa hata katika sehemu ambazo maji yake hayana shida, wakafuata nyayo hadi kwenye magadi ya sufuriani.

Kuna dawa, na iliyo maarufu zaidi huku kwetu ina ujanja wa kupendeza. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, Jimbo Katoliki la Nakuru limekuwa likitengeneza chujio za makaa ya mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwenye tanuri kwa joto linalodhibitiwa, husagwa, na maji hupitishwa humo. Floraidi hupenda mifupa na meno kwa sababu ileile ya kikemia, kwa hivyo unaipa mfupa wa ng'ombe iushike kabla haijafika kwa mtoto. Lakini mfupa ukichomwa vibaya maji yananuka, na ukishajaa floraidi lazima ubadilishwe. Hapo ndipo kazi ilipo. Chujio ya nyumbani inahitaji mtu wa kukumbuka, na chujio ya kijiji inahitaji kamati. Si unajua kamati zetu.

Dawa nyingine ni ile ya Oakley: badilisha chanzo. Naivasha haiko mbali na maji mazuri. Mito inayoshuka kutoka Nyandarua ina floraidi kidogo kwa sababu maji yake hayajakaa na mawe muda mrefu. Na si kwamba hakuna aliyefikiria kuyavuta kwa bomba. Mto Turasha, tawi la Malewa, tayari umevutwa, na maji yake yanapelekwa Gilgil na Nakuru. Yaani maji yaliyokuwa yakienda Ziwa Naivasha yanapanda bomba kwenda mji mkubwa, huku mji ulio kando ya ziwa ukizidi kutegemea visima. Silaumu Nakuru, ina watu wengi na visima vyake vilikuwa na shida ileile. Ninachosema ni kwamba Oakley walikuwa na chemchemi ya pili na hakuna aliyeidai isipokuwa wao. Malewa inadaiwa na Nakuru, Gilgil, mashamba ya maua, wakulima wa Nyandarua, viboko, na samaki.

Kwa hiyo kazi ya kuchanganya maji imebaki kwa mikokoteni ya punda. Mtu hununua mtungi wa lita 20 akiambiwa ni maji ya mvua, au ya chujio, au ya mto, na hana namna ya kujua. Ulimi haugundui floraidi. Macho hayaioni. Sabuni, kama tulivyoona, inaisifu.

Meno hayageuki rangi kwa kunywa ukiwa mtu mzima. Alama huwekwa wakati jino linaundwa ndani ya ufizi, kuanzia miezi ya kwanza hadi karibu miaka minane, na kikizidi sana kwa miaka mingi mifupa nayo huanza kuuma na kukakamaa. Anayehamia Karagita leo akiwa na miaka ishirini na mitano kufanya kazi kwenye maua ataondoka na meno aliyokuja nayo. Mtoto atakayezaa hapo hataondoka hivyo. Meno ya mbele ya kudumu ya mtoto huyo yatachomoza akiwa na miaka sita au saba, gredi ya kwanza au ya pili, na tabaka lake la nje litakuwa limekamilika tangu akiwa na miaka minne, mitano hivi, kabla hajajua kusoma neno maji.